Baiskeli na gari kwenye lami moja: mwongozo kwa wasafiri wa Palma na Mocímboa da Praia

Mtu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado mara nyingi huiona njia maalumu ya baiskeli kwa mara ya kwanza akiwa ugenini. Amevuka Ruvuma kwa Namoto, ameingia Kilambo, amepanda basi la Mtwara hadi Dar es Salaam kwa biashara au matibabu, na huko akaazimwa baiskeli na ndugu yake. Nyumbani mambo ni mengine. Toka Namoto kupita Palma hadi Mocímboa da Praia, na kuendelea hadi Awasse, baiskeli, pikipiki, chapa, lori na gari la jeshi hugawana lami ile ile au mchanga ule ule.

Mwongozo huu ni wa anayekanyaga pedali na wa anayeshika usukani pia. Tunaanzia Dar es Salaam, kwa sababu yaliyotokea huko baada ya njia kuchorwa yanamhusu hata yule ambaye barabara yake haina mstari wowote.

Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Inatoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi yake yanakwenda Morocco na Gerezani; jumla yake ni kilomita 21 hivi. Pamoja na njia ya mabasi, kandokando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, ulikuwa umezidai njia za namna hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Kisha maisha ya mji yakaingia. Bodaboda walipoona foleni walipanda kwenye njia ya baiskeli. Wenye magari waliegesha hapo “dakika mbili tu”. Wamachinga wakatandika bidhaa, mpaka mwishoni mwa 2021 mamlaka zilipowaondoa kandokando ya barabara kuu. Mwenye baiskeli aliyekuta njia imezibwa alishuka ghafla kwenye lami katikati ya magari, mahali ambapo dereva hakumtarajia tena, maana ameambiwa baiskeli zina njia yake.

Njia ya baiskeli humlinda mtu kwenye sehemu iliyonyooka. Haimlindi panapokutana njia mbili: kwenye njia panda, kwenye lango la kituo cha mafuta, penye kituo cha chapa, ubavuni mwa gari lililoegeshwa. Hapo ndipo gari na baiskeli hugongana, mstari uwepo au usiwepo. Kwa hiyo mtu wa Palma akijifunza kupita penye makutano, amejifunza sehemu kubwa ya yale anayopaswa kuyajua mtu wa Dar es Salaam.

Upande wa kushoto, na kiti cha dereva

Msumbiji tunaendesha kushoto. Wareno wenyewe walihamia kulia Juni 1928, lakini koloni hili likabaki kushoto kwa kuwa majirani zake waliendesha kushoto. Mwenye baiskeli naye hukaa kushoto, akielekea upande uleule magari yanakoelekea. Wapo wanaoamini kwamba kuendesha kwa kuyakabili magari ni salama zaidi kwa sababu unayaona. Ushauri huo ni wa mtu anayetembea kwa miguu mahali pasipo na njia ya miguu, naye anaweza kusimama au kuruka kando mara moja. Baiskeli yenye madumu mawili ya maji hairuki. Tena dereva anayetoka kwenye njia ya pembeni na kukunja kushoto hutazama kulia, yanakotokea magari. Ukimjia kutoka kushoto kwake hatakuona hata kidogo.

Magari mengi yetu yametoka Japani na usukani wake uko kulia. Dereva wa gari hilo amekaa mbali na ukingo ambako baiskeli ipo. Ubavu wake wa kushoto, toka mlango wa abiria hadi gurudumu la nyuma, una sehemu ambayo kioo hakiifikii. Kwenye lori sehemu hiyo ni kubwa kiasi cha kummeza mtu na baiskeli yake na shehena yake yote. Ukiwa kando ya lori na huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, hesabu kwamba na yeye hakuoni.

Gari lenye usukani kushoto lina hatari ya namna nyingine. Dereva wake anakuona vizuri wewe uliye ukingoni, ila anapotaka kukupita haoni yanayokuja mbele mpaka atoke nusu ya gari. Akikuta gari linakuja atarudi kushoto kwa haraka, na kushoto ndiko uliko. Ukisikia gari la namna hiyo linachungulia nyuma yako, punguza mwendo na umwachie nafasi ya kurudi.

Kwa dereva: makosa matatu yanayoumiza

La kwanza ni kukunja kushoto mbele ya baiskeli. Dereva anamkuta mwenye baiskeli mita chache kabla ya kona, anampita, kisha anakunja na kumfungia njia. Huona amempita salama, kumbe amemwekea ukuta. Ukikaribia kona ya kushoto na baiskeli iko mbele yako, kaa nyuma yake. Atapita kwa sekunde tano, sita. Kisha tazama kioo cha kushoto, geuza na shingo, ndipo ukunje. Wenye malori na matrela wakumbuke kwamba magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Kichwa cha lori kinaweza kuwa kimemwacha mtu salama, na tela likamfuata.

La pili ni kupita kwa karibu. Ureno, ambako kanuni zetu nyingi za barabarani zilianzia, tangu 2014 sheria yao inamtaka dereva aache angalau mita 1.5 kati yake na baiskeli. Kwa macho, ni urefu wa mlango wa gari uliofunguliwa wote, na zaidi kidogo. Kama huwezi kupata nafasi hiyo kwa sababu gari jingine linakuja mbele, basi nafasi ya kupita haipo, subiri. Mwenye baiskeli hafuati mstari ulionyooka kama uzi. Anakwepa shimo, anakwepa mchanga uliomwagwa na mvua, anakwepa ukingo wa lami uliomong’onyoka. Ukimwona ameacha nusu mita au mita nzima kati yake na ukingo, usidhani ana kiburi. Ukingoni ndiko tairi linakozama.

La tatu ni mwendo. Código da Estrada, kanuni zetu za barabarani za 2011, zinaweka ukomo wa kilomita 60 kwa saa ndani ya makazi. Huo ni ukomo wa juu, na si lazima uufikie. Gari la kilomita 60 kwa saa hula karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Mpaka gari lisimame, kwenye lami kavu na breki nzima, mita 35 zimekwisha. Kwa kilomita 30, gari hilohilo husimama ndani ya mita 13 hivi. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotoka kwenye mkutano wa mawaziri wa nchi nyingi kuhusu usalama barabarani, lilitaka mwendo wa kilomita 30 mahali magari yanapochanganyika na watu wa miguu na baiskeli. Soko la Mocímboa da Praia asubuhi ni mahali pa namna hiyo. Hata barabara ya kuingia Palma wakati shule zinafunguliwa.

Na honi iwe hodi. Ipige fupi, ukiwa mbali, ili aliye mbele ajue unakuja. Honi ndefu mgongoni mwa mzee aliyebeba tenga la samaki humshtua, naye akigeuka kutazama, usukani wake hugeuka pamoja na bega lake kuelekea kulia, yaani kwako.

Chapa na milango

Chapa lastahili neno lake peke yake, kwa kuwa linasimama popote. Linasimama kwa mkono wa abiria, kwa filimbi ya kobradori, kwa mzigo uliosahaulika. Abiria hushukia kushoto, palepale mwenye baiskeli anapopenda kujipenyeza. Kanuni ni nyepesi: chapa likisimama, usipite kushoto kwake kamwe. Subiri nyuma, au tazama nyuma yako kwanza, na kama hakuna gari, lipite kulia kwa nafasi ya kutosha. Ukilipita, kumbuka kuwa abiria aliyeshuka huenda anavuka barabara mbele ya pua ya gari bila kukuona.

Kobradori anaweza kuzuia ajali nyingi kuliko dereva. Yeye ndiye anayefungua mlango, na kichwa chake tayari kipo nje. Atazame nyuma kabla hajaufungua, na amwambie abiria: “Mama, ngoja kwanza, baiskeli inapita.” Maneno hayo hayana gharama.

Kwa gari dogo lililoegeshwa kushoto, mlango wa dereva hufunguka upande wa barabara. Dereva aufungue kwa mkono wa kushoto, ule ulio mbali na mlango. Mwili hulazimika kugeuka, na macho hukuta kilicho nyuma. Uholanzi, nchi ya baiskeli, madereva wengi hufundishwa hivyo. Mwenye baiskeli naye, anapopita safu ya magari yaliyosimama, aache nafasi ya mlango mzima.

Kwa mwenye baiskeli: kukunja kulia, upepo, saa

Kukunja kulia kwenye barabara yenye magari ndilo jambo gumu kuliko yote. Kuna namna mbili. Mwenye uzoefu, barabara ikiwa tulivu, hutazama nyuma, hunyoosha mkono wa kulia, husogea katikati taratibu, kisha hukunja. Kwa wengine wote, na kwa kila mwenye mzigo mkubwa au mtoto kwenye keria, namna ya pili ni bora: nenda moja kwa moja hadi uvuke njia panda, simama kushoto, geuza baiskeli, ngoja pakae wazi, ndipo uvuke. Ukitaka, shuka ukokote. Waholanzi na Wadenmaki hukunja hivyo kila siku kwenye miji yenye njia nzuri za baiskeli, na hakuna anayewacheka.

Upepo ni jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitalisema kwa ajili yetu. Barabara ya Palma hadi Mocímboa da Praia inakwenda kaskazini na kusini, bahari ikiwa mashariki. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo misimu yote miwili upepo hutokea upande wa baharini. Anayeshuka kwenda Mocímboa, bahari iko kushoto kwake, na upepo humsukuma kulia, katikati ya barabara. Anayepanda kwenda Palma, upepo humsukuma kushoto, ukingoni. Ukiwa unapanda hivyo, lori likikupita hukukinga upepo kwa nukta moja, kisha unarudi kwa kishindo. Penye uwazi, pasipo minazi wala mikorosho ya kukinga, shika usukani kwa mikono miwili na usikaze viwiko. Dereva unayemfuata mtu anayeshuka kusini siku ya upepo, mwachie nafasi zaidi ya kawaida.

Jua nalo lina ujanja wake. Barabara ya Mocímboa da Praia hadi Awasse inaelekea magharibi, kwa hiyo dereva anayeondoka Mocímboa jioni ana jua machoni, na anayekuja kutoka Awasse asubuhi vilevile. Kama kivuli chako kimelala mbele yako, jua liko mgongoni mwako, na kila dereva anayekukabili amepofuka.

Kuna na suala la saa. Msumbiji tuko saa moja nyuma ya Tanzania, ingawa jua linalochomoza Mtwara ndilo linalochomoza Palma. Mwezi Juni, jua letu huzama mara tu baada ya saa kumi na moja jioni kwa saa za Palma, wakati Mtwara saa zao zinasema kumi na mbili. Anayetoka Tanzania na bado anangoja jua lizame saa kumi na mbili, au mfanyakazi anayetoka kazini saa kumi na moja, atajikuta njiani gizani. Kwa hiyo taa si anasa ya watu wa mjini.

Mbele taa nyeupe, nyuma nyekundu. Kama pesa ni chache, anza na ya nyuma, kwa kuwa gari la nyuma ndilo usiloliona. Kama hata hiyo haipatikani, kipande cha plastiki chekundu kinachorudisha mwanga, kile kinachobanwa kwenye madigadi, hakihitaji betri. Vya njano vinavyofungwa kwenye pedali vina faida ya pekee: mwanga wake hupanda na kushuka mguu unapokanyaga, na dereva hutambua mara moja kwamba mbele yake ni baiskeli. Kitambaa cheupe kilichofungwa nyuma ya mzigo husaidia pia, ingawa hakitoshi. Angalia tu mzigo usiifunike taa. Makuti, mkaa na magunia ya muhogo huning’inia hadi chini na kuzima kila kitu ulichofunga. Funga taa kwenye mzigo wenyewe.

Kuhusu mzigo nitasema machache, maana wabebaji wanayajua kuliko mimi. Uzito ukae chini na ulingane pande zote mbili. Kitu kisitokeze kulia kupita usukani, kwa sababu dereva anayekupita hupima nafasi kwa bega lako wala hapimi ncha ya kuni zako. Breki zijaribiwe mzigo ukiwa juu ya baiskeli. Baiskeli inayosimama vizuri tupu huenda isisimame kabisa ikiwa na kilo mia. Na usishike nyuma ya lori ili likuvute mlimani. Vijana wanalipenda hilo, na dereva hajui kama upo.

Pikipiki za abiria zimeingia katikati ya baiskeli na gari, na zina tabia za zote mbili. Mota taxi akae kwenye njia ya magari. Akipita pembezoni kwa mwendo wake huwavamia watu wa miguu, wanafunzi na baiskeli, na huko Dar es Salaam jambo hilo ndilo lililoifanya njia ya baiskeli iwaogopeshe wale waliojengewa.

Msafara wa jeshi, na kushuka barabarani

Tangu shambulio la Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na lile la Machi 2021 Palma, barabara za wilaya zetu zina wasafiri ambao miji mingine haina. Karibu watu milioni moja walikuwa wamekimbia makwao vita ilipozidi. Wengi wamerudi, na wengi wamerudi na baiskeli, kwa kuwa ndiyo chombo cha kwanza ambacho familia inaweza kukinunua. Njiani wanakutana na misafara.

Msafara wa kijeshi au wa magari yanayosindikizwa hauendi kama gari moja. Magari hufuatana kwa karibu, na la pili halioni kilicho mbele ya la kwanza. Ukiusikia unakuja, toka nyuma au mbele, simama mapema, shuka, toka kwenye lami na baiskeli yako yote, mikono ionekane. Usirudi barabarani gari la kwanza likipita. Ngoja la mwisho, kisha ngoja kidogo tena, maana huwa lipo lililochelewa. Wanajeshi wa Rwanda, waliofika Julai 2021, wanatoka nchi inayoendesha kulia; hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumpa nafasi kila mgeni kwenye njia panda.

Lakini kushuka barabarani kuna mpaka wake hapa kwetu. Vilipuzi vya kutegwa ardhini vimeripotiwa Cabo Delgado tangu 2021. Kwa hiyo shuka mahali penye nyayo na alama za matairi. Usiingie kichakani kutafuta kivuli au njia ya mkato ambayo watu wa kijiji hicho hawaipiti. Ukiona waya, kopo au chuma usichokielewa, usikiguse wala usikisogeze kwa ajili ya wenzio. Rudi kwa njia uliyojia na uwaambie wanajeshi au polisi walio karibu.

La kudai wakati wa matengenezo

Njia kamili ya baiskeli ya namna ya Dar es Salaam haitajengwa Palma kesho. Kuna kitu cha bei nafuu kuliko hicho, nacho ni bega la barabara: ukanda wa lami wenye upana wa mita moja na nusu hivi, nje ya mstari mweupe, uliolingana na lami bila ngazi. Bega hilo hutumiwa na baiskeli, na mama anayetembea na ndoo kichwani, na gari lililoharibika. Barabara kuu ziko chini ya Administração Nacional de Estradas, ANE; mitaa ya Mocímboa da Praia iko chini ya manispaa yake. Kila barabara inapofanyiwa matengenezo, mkandarasi huja na michoro, na ni kabla ya greda kuanza kazi ndipo michoro hubadilika kwa urahisi. Wazee wa mtaa, walimu wakuu na vyama vya wavuvi na vya mota taxi waende pamoja wakaulize mambo matatu: bega lina upana gani, linaishia wapi, na kwenye daraja linakuwaje. La daraja lisisahaulike, kwa sababu mara nyingi bega hukatika hapohapo penye kuta pande mbili, pasipo na mahali pa kukwepea.